Kazi za kozi za wanafunzi: je, ninaweza kuzitumia kama data za tasnifu yangu ya uzamivu?

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Ninafundisha katika idara ya Kiswahili ya chuo kikuu kimojawapo hapa Tanzania nikiwa mhadhiri msaidizi, na kama wengi wa daraja langu ninatakiwa kukamilisha shahada ya uzamivu, kwa kuwa bila shahada hiyo hakuna njia ya kupanda kuwa mhadhiri. Muhula huu nina kozi tatu. Mojawapo ni ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi wanaokaribia mia nne, na aliyewahi kusahihisha insha mia nne za kurasa tano tano atanielewa nikisema kwamba utafiti wangu huufanya watoto wakishalala, au siufanyi kabisa.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikifundisha pia kozi ya isimujamii ya mwaka wa pili. Kazi kuu ya kozi hiyo, yenye alama 15 kati ya 40 za tathmini endelevu, inamtaka kila mwanafunzi aende likizo na fomu niliyoiandaa mwenyewe, akae na mtu mzoefu wa shughuli fulani, kisha aandike msamiati wa shughuli hiyo pamoja na sentensi moja ya mfano kwa kila neno. Wanaotoka pwani niliwaelekeza kwa wavuvi na mafundi wa vyombo. Fomu zinazohusu uvuvi peke yake sasa zimefika 212, kutoka Tanga, Pangani, Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara hadi Unguja na Pemba. Humo mna majina ya nyavu na mitego (jarife, juya, dema, uzio), majina ya samaki yanayobadilika kadiri samaki anavyokua, na lugha ya upepo na maji (kusi, kaskazi, matlai, bamvua, maji mafu), mambo ambayo mimi, mtoto wa bara niliyeiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, nisingeyapata hata kama ningepewa ruzuku ya miaka miwili.

Mada ya tasnifu yangu ni msamiati wa uvuvi na jinsi unavyotofautiana kutoka lahaja moja ya pwani hadi nyingine. Msimamizi wangu anaona nizitumie fomu hizo bila wasiwasi, kwa hoja kwamba fomu niliitunga mimi na kozi ni yangu. Hata hivyo, nilipowasilisha pendekezo la utafiti mbele ya kamati ya idara, mjumbe mmoja alinisikiliza hadi mwisho akauliza jambo moja tu: ule ukurasa wa tamko, unaosaini kwamba kazi hii ni yako mwenyewe, utausaini vipi?

Sikuwa na jibu, na bado sina. Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, data hizi ni zangu, ni za wanafunzi, au ni za wale wazee waliohojiwa? Na kama si zangu, ipo njia ya halali ya kuzifikisha katika tasnifu?

Mjumbe wa Maadili

Nimekaa katika kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kwa miaka sita, kwa hiyo nitakujibu kwa swali. Yule mzee wa Pangani, mwanafunzi wako alipokaa naye, alimwambia nini? Kama alimwambia "babu, nina kazi ya shuleni, nisaidie", basi mzee aliridhia kumsaidia mjukuu wake afaulu. Hakuridhia maneno yake, pengine na jina lake, yaingie katika tasnifu ya mtu asiyemjua itakayowekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo na kusomwa popote duniani. Ridhaa hutolewa kwa kazi maalumu, haihamishwi kama samani.

Vilevile, kibali cha utafiti hutangulia ukusanyaji wa data. Hakuna kamati inayoweza kukupa leo kibali cha kukusanya data ulizozikusanya mwaka juzi.

Mnyaraka

Ndugu mleta mada, jibu la Mjumbe wa Maadili ni sahihi, lakini usilichukulie kwamba kufundisha na kutafiti kwa pamoja ni kosa. Mimi ni mtu wa historia, na katika fani yetu upo mfano wa nyumbani ambao kila anayefikiria jambo hili angepaswa kuufahamu.

Mwaka 1968, Idara ya Historia pale Mlimani, wakati Dar es Salaam ikiwa bado ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilianzisha mradi wa utafiti wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walikwenda wakati wa likizo katika maeneo yaliyopigana vita hivyo, mara nyingi yale waliyokuwa wakiijua lugha yake, wakawahoji wazee. Fikiria hesabu yenyewe: aliyekuwa kijana wa miaka kumi na mitano vita vilipoanza alikuwa na miaka sabini na minane mwaka huo. Zingesubiriwa likizo nyingine kumi, sehemu kubwa ya ushahidi ule ingekwishazikwa. Waliousimamia mradi ni John Iliffe na Gilbert Gwassa, na huyu Gwassa alikuwa katika hali inayofanana sana na yako, maana tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Dar es Salaam mwaka 1973, ilihusu vita hivyohivyo.

Hapa ninaomba uangalie mambo mawili. Kwanza, ripoti za wanafunzi zilikusanywa na kuhifadhiwa zikiwa na majina ya walioziandika, na hadi leo mtafiti anayezitumia anamnukuu mwanafunzi yule kwa jina, kama anavyomnukuu mwandishi mwingine yeyote. Utafiti kuhusu Ungoni ulichapwa Nairobi mwaka 1969 kwa majina ya Mapunda na Mpangara, si kwa majina ya walimu. Gwassa naye alikwenda mwenyewe Umatumbi kuwahoji wazee kwa ajili ya kazi yake. Kwa maneno mengine, mipaka ilijulikana: hiki amekusanya fulani, kile nimekusanya mimi.

Jambo la pili halizungumzwi sana, nami naliona ni zito kuliko suala la majina. Wanahistoria waliokuja baadaye waliukosoa mradi ule kwa kuvisoma vita kwa miwani ya utaifa. Nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu uhuru, watafiti walikuwa wakitafuta chimbuko la umoja, na maswali yao yakaelekea huko, ilhali katika maeneo mengi watu walipigana au walikataa kupigana kwa sababu za kwao. Sasa rudi kwenye fomu yako. Uliitunga wewe, mtu wa bara kwa maelezo yako mwenyewe, ukiwa bado hujakaa na wavuvi. Kama hukuweka mahali pa kuandika jambo fulani, mwanafunzi hakuliuliza, na kama hakuliuliza, wewe utaandika katika tasnifu kwamba halipo.

Binti Kilwa

Nami naomba nichangie kutoka upande wa pili, upande wa waliojaza fomu.

Nilisoma shahada ya kwanza katika chuo ambacho sitakitaja. Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kukusanya methali na misemo ya nyumbani. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na misemo ya wasuka mikeka ambayo sijaisikia kwingine, nami nilikaa naye jioni nne, yeye akisuka ukili na mimi nikiandika, akinirudisha nyuma kila nilipokosea. Nilipata alama 13 kati ya 15 na nikafurahi. Miaka miwili baadaye, nikiwa natafuta makala za kusoma kwa ajili ya uzamili, nikakuta makala ya mwalimu wetu. Katika jedwali la tatu ilikuwapo misemo saba ya bibi, kwa mpangilio uleule niliouandika, pamoja na kosa langu moja la tahajia ambalo mwalimu hakulisahihisha wala wakati ule wala kwenye makala. Chini ya jedwali paliandikwa: Data za uwandani.

Sikulalamika popote, kwani aliyekuwa anaandika barua yangu ya udhamini ni yeye. Nataka tu mleta mada ajue kwamba mwanafunzi anaweza kunyamaza na bado asiwe ameridhia. Kama ungetuomba, wengi wetu tungekubali, tena kwa fahari. Mimi ningeomba jina la bibi liandikwe, basi.

Mwalimu wa Bonde la Ufa

Salamu kutoka Kenya. Maelezo ya Binti Kilwa yamenigusa, nami nitajibu swali la mwisho la mleta mada, yaani njia ya halali, kwa kueleza tunavyofanya katika idara yetu baada ya kuumia mara moja au mbili.

Sisi hutenganisha mambo mawili ambayo kwa mwanafunzi huonekana kitu kimoja: kazi ya kozi na ushiriki katika utafiti. Kila mwanafunzi hufanya kazi ya kozi na kupata alama zake. Ushiriki katika utafiti ni hiari, na ombi la ridhaa halitolewi na mwalimu anayesahihisha. Huja mwenzake, mwenye kozi nyingine kabisa, akawaeleza wanafunzi utafiti unahusu nini na kuwagawia karatasi za ridhaa, kisha akazifungia katika bahasha. Mwalimu wa kozi haifungui bahasha hiyo hadi matokeo ya muhula yapitishwe na kutangazwa. Kwa njia hiyo hawezi kujua nani amekubali na nani amekataa wakati bado ana kalamu nyekundu mkononi. Utaratibu huo unachosha na huongeza miezi, lakini ndio unaomwezesha mwanafunzi kusema hapana.

Kuhusu waliohojiwa, pamoja na kibali cha kitaifa (kwetu hutolewa na NACOSTI, kwenu COSTECH au chuo chenyewe kwa wanafunzi na wafanyakazi wake), kuna sheria ya taarifa binafsi. Kenya inayo tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Fomu yako ikiwa na jina la mvuvi, umri wake, kijiji chake na namba yake ya simu, basi umeshika taarifa binafsi za watu 212, na sina hakika kama ziko katika kabati lenye kufuli au katika boksi chini ya meza. Usinijibu hapa.

Kuhusu tamko, kwa maoni yangu usilihofu kupita kiasi. Tasnifu ya uzamifu (nyinyi husema uzamivu, nasi tumeng'ang'ania f) hupimwa kwa swali, uchanganuzi na hoja. Wapo watafiti wengi wanaotumia data zilizokusanywa na wengine, kama vile sensa, nyaraka za mahakama au rekodi za redio, nao husaini tamko bila tatizo kwa sababu katika sura ya mbinu za utafiti wameeleza wazi nani alikusanya nini, lini, na kwa ruhusa gani. Tamko huwa la uongo pale unapomwacha msomaji aamini kwamba ulikwenda mwenyewe.

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Binti Kilwa, maneno yako niliyasoma mara tatu, na nikakumbuka kwamba katika slaidi za kongamano la mwaka jana nami niliandika "data za uwandani".

Baada ya kusoma alichoandika Mnyaraka kuhusu fomu, jana usiku nilitoa fomu thelathini za ngalawa na kuzipanga sakafuni. Kwa kile kiegemeo cha pembeni kinachozuia ngalawa isipinduke, kumi na moja zimeandika *ndubi*, tisa zimeandika *rengu* au *mrengu*, na saba zimeandika *matengo*. Tatu hazina kitu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikihesabu hizo kuwa ni tofauti za lahaja, na hata ramani ndogo nilishaichora. Lakini nilipozisoma sentensi za mifano niligundua kwamba baadhi ya wazee walikuwa wakiutaja ubao unaoelea majini, na wengine ile miti inayopita juu ya chombo kuushikilia ubao huo. Fomu yangu ina nafasi ya neno na nafasi ya maana, haina nafasi ya mchoro. Mwanafunzi mmoja tu, kutoka Mafia, alichora kwa hiari yake nyuma ya karatasi, akaweka mishale na majina mawili tofauti kwa vitu viwili tofauti. Nilimpa alama 9, nikaandika pembeni: "Fuata maelekezo."

Sasa swali langu limebadilika. Hata kama wanafunzi wote wakiridhia, je, fomu hizi zina thamani gani kitaaluma?

Babu Msimamizi

Kijana wangu, zina thamani kubwa, ila si ile uliyoifikiria.

Nimesimamia tasnifu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nakwambia kwamba ulichokiona sakafuni jana usiku ndicho kiini cha tasnifu yako. Fomu 212 ni ramani ya kukuonyesha mahali pa kwenda kuuliza. Zifanye kuwa uchunguzi wa awali, uzieleze hivyo katika sura ya tatu bila kificho, pamoja na kasoro ya fomu yenyewe, na usizitumie hata neno moja kama ushahidi katika sura ya uchanganuzi mpaka ulithibitishe mwenyewe. Chagua vituo vinne tu badala ya pwani nzima. Mtahini wa nje hatakuuliza kwa nini hukufika Lindi, atakuuliza unajuaje kwamba *ndubi* ya Pangani na *rengu* ya kwingine ni kitu kimoja, na jibu lake ni picha uliyopiga mwenyewe huku mwenye chombo akiwa amekishika kwa mkono wake.

Anza na barua sasa hivi, kwa sababu barua ndiyo inayokula muda. Ukishapata kibali cha Makamu Mkuu wa Chuo, utakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye atakupa barua ya wilaya, wilaya ikupe ya kata, na mtendaji wa kata akupeleke kwa mtendaji wa kijiji, kila mmoja na muhuri wake. Nimewahi kumwona mwanafunzi wangu akimaliza siku nane kati ya kumi na nne za posho yake akiwa bado hajaiona bahari. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, kwa hiyo usidhani barua ya bara itakuvusha bandarini.

Halafu panga likizo yako kwa kalenda ya wavuvi, si ya chuo. Kusi inapovuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, vyombo vidogo vingi hubaki pwani vikizibwa na kutengenezwa, na hapo ndipo fundi huwa na nafasi ya kukutajia kila kipande kwa jina lake. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa utawapata siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkali taa haiwavuti samaki na watu hao hupumzika. Ukienda siku wanazofanya kazi, utahojiana na wake zao na wachuuzi, jambo ambalo si baya, ila ni tasnifu nyingine.

Mjumbe wa Maadili

Naunga mkono. Naomba kuongeza jambo moja: hata kuzitumia kama uchunguzi wa awali kunahitaji ridhaa ya wanafunzi, kwani maandishi yale ni yao. Wao si waajiriwa wako. Waandikie, waeleze kwa lugha nyepesi, wape muda, na asiyejibu umhesabu kuwa amekataa.

Na yule wa Mafia ukamrekebishie alama, kama kanuni za chuo chenu zinaruhusu.

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Naleta mrejesho baada ya wiki tano, maana najua mada nyingi huachwa zikielea.

Nimezungumza na msimamizi wangu. Hakufurahi, kwani anaona nimejiongezea mwaka mzima, lakini amekubali vituo vinne: Tanga mjini, Pangani, Mafia na Kilwa Kivinje. Ombi langu liko kwenye kamati ya maadili. Fomu mpya ina ukurasa mzima mtupu kwa ajili ya mchoro. Alama za yule wa Mafia hazikuweza kubadilishwa kwa kuwa matokeo yalishapitishwa na seneti. Nimempigia simu kumwomba radhi, akacheka, akasema babu yake ndiye aliyemlazimisha kuchora.

Wanafunzi niliowaandikia ni 212, na kufikia jana 131 wamejibu. Waliokubali ni 124. Kati ya saba waliokataa, sita hawakutoa sababu na sikuwauliza. Wa saba ni binti mmoja wa Bagamoyo ambaye sasa anasoma uzamili kwingine. Aliandika kwamba aliyemhoji alikuwa baba yake mdogo, kwamba amefariki tangu wakati huo, na kwamba maneno yale anataka kuyaandika mwenyewe. Aliuliza pia kama bado ninayo karatasi ya asili, kwa sababu kuna mahali marehemu alishika kalamu akaandika kwa mkono wake.

Nimeitafuta nikaipata. Nimempelekea kwa basi la jana asubuhi, na sikubaki na nakala.